Raia aliyehesabiwa hakuwahi kuwa raia

Karatasi ya kuzaliwa ya Italia imeandikwa kwa mkono. Mbele ya meya, inasema, alifika mkulima fulani na mashahidi wawili, akaonyesha mtoto wa kiume, akampa jina Giovanni. Ng'ambo ya Atlantiki, karani wa Brazil alimwandika João, na jina la ukoo likapoteza herufi. Kitukuu wake anayetaka uraia wa Italia huenda akahangaika miezi kwa ajili ya herufi hiyo. Na kama Giovanni wake alizaliwa mkoa wa Veneto kabla ya Septemba 1871, daftari la serikali halikuwapo bado. Cheti atakiomba kwa paroko.

Lakini wengi huupeleka uraia huo mahakamani. Kwa nini? Kwanza foleni. Katika ubalozi mdogo wa São Paulo watu wamesubiri zaidi ya miaka kumi, wengine wakaona afadhali kuishtaki serikali.

Sababu ya pili ni akina mama. Sheria ya Italia ya 1912 ilirithisha uraia kwa upande wa baba. Mkenya hatashangaa: hadi Katiba ya 2010, mtoto aliyezaliwa nje alirithi uraia kwa baba tu. Italia ilipata katiba ya usawa tarehe 1 Januari 1948, na ofisi zake zikaing'ang'ania tarehe hiyo: mwana aliyezaliwa kabla ya hapo kwa mama Mwitaliano hana chake. Mwaka 2009 mahakama ya juu, Cassazione, ikasema ubaguzi huo usiendelee kuumiza watu. Ofisi hazikubadilika. Ndipo wajukuu wa kaka walipopanga foleni ubalozini, na wajukuu wa dada yake, damu ileile, wakatafuta wakili.

Hadi katikati ya 2022 kesi zote hizi zilikwenda Rome. Tangu hapo hupelekwa kwenye mahakama ya eneo alikozaliwa babu, na mahakama ya Venice, ya huko Veneto, ikazidiwa, maana mkoa huo ulikuwa umemwaga watu wake kusini mwa Brazil. Tangu 2025 ada ya mahakama ni euro 600 kwa kila mwombaji, mbali na wakili, tafsiri na mihuri. Familia ya watu kumi na ipige hesabu yenyewe.

Jaji katika kesi hizi hakupi uraia. Anatamka tu kwamba unao tangu ulipozaliwa. Hapo ndipo amri ya serikali ya tarehe 28 Machi 2025, iliyogeuzwa kuwa sheria mwezi Mei, ilipopiga. Aliyezaliwa nje ya Italia na ana uraia mwingine sasa anahesabiwa kwamba hakuwahi kuupata ule wa Italia, ila kwa masharti machache, kubwa likiwa mzazi, babu au bibi mwenye uraia wa Italia peke yake. Serikali ililalamika kwamba pasipoti zinakwenda kwa watu wasio na uhusiano wowote na nchi. Hoja ina uzito, lakini kumwambia mtu hakuwahi kuwa kile sheria ilichomhesabu jana ni jambo jingine.

Waliowasilisha kesi hadi saa 5:59 usiku wa tarehe 27 Machi, saa za Rome, walibaki chini ya sheria ya zamani. Chukulia ndugu wawili wa tumbo moja, vitukuu wa Giovanni aliyezaliwa kabla ya daftari la serikali: wakili wa mmoja aliwasilisha jioni ile. Mwenzake alikuwa bado anamsubiri paroko.