Mficha Uchi Hazai

Ndugu mfanyakazi, wewe uliye Bisie kule Walikale, na wewe uliye Rubaya kule Masisi, leo tuzungumze jambo ambalo wengi hulinong'ona tu: maumivu ya mkojo na magonjwa ya sehemu za siri.

Mkojo unapowaka, wengi hukimbilia dawa ya miti. Hatuwadharau waganga wetu. Katika misitu ya milimani ya Kivu humea mti ambao wataalamu huuita Prunus africana. Maganda yake yamevunwa huku na kupelekwa Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wafaransa walianza kuuza dawa iliyotokana nayo, kwa wazee wenye tezi dume iliyokua, ambao huamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa. Majaribio yameonyesha kwamba huwapunguzia usumbufu huo.

Lakini sikiliza vizuri: maganda hayo hayaponyi kisonono wala kaswende. Usaha waweza kukauka wenyewe, kijana akadhani amepona, kumbe ugonjwa ungali mwilini. Arudipo nyumbani humwambukiza mkewe, ambaye mara nyingi haoni dalili yoyote mpaka mirija ya uzazi inapoziba. Ndipo jirani husema mama huyo ni tasa. Hata mtoto anayezaliwa huweza kuambukizwa macho akapofuka.

Basi shika haya:

1. Kunywa maji safi kutwa nzima. Jasho la shimoni hukausha mwili, na mkojo mzito huweza kuleta mawe ya figo.

2. Ukiona usaha, kidonda au damu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiwa na homa na maumivu ya ubavuni, usingoje kesho. Mweleze muuguzi dawa yoyote ya miti uliyokunywa.

3. Usinunue vidonge vya kubahatisha sokoni. Maliza dawa yote uliyoandikiwa.

4. Nenda na mwenzio mtibiwe pamoja. Msikutane kimwili mpaka nyote wawili mpone.

5. Mama, usitie majani wala unga ukeni. Huchubua, na mchubuko ni mlango wa virusi vya UKIMWI.

Baba, muuguzi ameona wengi kabla yako, hatakucheka. Kisonono kikiwahiwa hutibika, lakini mirija iliyoziba ni shida kuizibua. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Usiwe wewe wa kuwathibitishia.