Ufadhili wa kwenda mkutano wa kimataifa wa afya: unaombwaje, na wengi hukwama wapi?

Kila mwaka kuna ujumbe wa aina moja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa afya na sayansi: "Ufadhili kamili! Tiketi, hoteli na posho. Mwisho wa kuomba ni kesho kutwa!" Wengi wanaufungua, wanaona fomu ndefu, wanaufunga. Wachache wanajaza usiku wa mwisho. Wanaopata mara nyingi ni wale waliojua mapema kile ambacho fomu inauliza. Leo tuichambue fomu hiyo, hatua kwa hatua.

Kwanza, kwa nini ufadhili huu upo?

Usidhani ni sadaka. Tuchukue mfano wa mkutano wa kimataifa wa Ukimwi. Mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, watafiti walionyesha kwamba kutumia dawa tatu kwa pamoja kunakizuia kirusi kuzaliana kiasi cha kumrudishia mgonjwa afya yake. Habari njema kabisa. Ila dawa hizo ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nani Afrika angeziweza?

Mwaka 2000 mkutano huo ulifanyika Durban, Afrika Kusini, mara ya kwanza katika nchi inayoendelea. Safari hii wagonjwa, wauguzi na wanaharakati wa Kiafrika walikuwa ndani ya ukumbi. Swali likabadilika: kutoka "dawa inafanya kazi?" likawa "kwa nini haifiki kwa wenye kuihitaji?" Mwaka uliofuata kampuni ya Cipla ya India ilitangaza mchanganyiko wa dawa hizo kwa takriban dola 350 kwa mwaka. Mkutano peke yake haukushusha bei, kulikuwa na mapambano mengi nyuma yake. Lakini ulionyesha kwamba aliyemo ukumbini ndiye anayeamua swali gani liulizwe. Ndiyo maana waandaaji wanatenga fedha za kuwaleta watu ambao mifuko yao isingewafikisha. Ukiomba, unajibu hitaji lao pia. Usiandike kwa unyonge.

Mikutano ipi?

Ipo mingi. Ule wa Ukimwi unaoandaliwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Ukimwi (IAS) hufanyika kila baada ya miaka miwili, na katikati yake upo mwingine unaojikita kwenye sayansi ya VVU. Mwaka 2024 walikuwa Munich, Ujerumani. 2025 walikuwa Kigali. Wa malaria, unaojulikana kama MIM, ulishafika Arusha mwaka 2002, Nairobi mwaka 2009 na Kigali mwaka 2024. Africa CDC nao wana mkutano wa afya ya jamii barani, uliofanyika Kigali mwaka 2022 na Lusaka mwaka 2023. Anza na iliyo karibu. Mtanzania au Mkenya haombi viza kwenda Kigali, na hapo chini utaona kwa nini hilo si jambo dogo.

Ikisiri: mlango mkubwa

Mikutano mingi hutoa kipaumbele cha ufadhili kwa mwenye ikisiri iliyokubaliwa, yaani muhtasari wa utafiti wako katika maneno kama 250 hadi 350. Ikisiri husomwa na wataalamu zaidi ya mmoja, na katika mikutano mikubwa majina ya waandishi hufichwa. Msomaji hajui wewe ni profesa au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamili. Anachokiona ni kazi tu, na hiyo ni faida kwako.

Ikisiri ina sehemu nne: usuli, mbinu, matokeo na hitimisho, na kila moja hupewa alama. Kosa linaloangusha wengi liko kwenye matokeo. Mtu anaandika: "Matokeo yatawasilishwa mkutanoni." Hapo umeshajitoa mwenyewe, kwa sababu mikutano mingi hukataa ikisiri isiyo na matokeo. Linganisha na hii, ambayo ni mfano tu wa kubuni: "Kati ya wajawazito 212 waliohudhuria zahanati tatu, 61 hawakurudi kwa hudhurio la pili, wengi wao walitaja nauli." Sentensi moja, lakini msomaji ameshaona nani, wapi, wangapi na kwa nini.

Huna data mpya? Angalia ulichonacho tayari: tasnifu yako, au takwimu za kituo unachofanyia kazi. Lakini hakikisha kibali cha maadili ya utafiti kipo, na waandishi wenzako wameisoma ikisiri na kuikubali kabla hujaituma. Msimamizi wako asiione kwa mara ya kwanza kwenye ukurasa wa mkutano.

Mikutano mingine ina mlango wa pili kwa wasio na ikisiri: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vijana, wanahabari, wanaoishi na ugonjwa husika. Huko kinachopimwa zaidi ni maelezo ya nia.

Maelezo ya nia: acha kusifia, sema utafanya nini

Fomu itauliza: kwa nini unataka kuhudhuria, na ukirudi utafanya nini? Wengi wetu tunaandika hivi: "Nina shauku kubwa ya afya ya jamii na mkutano huu utanipanua kimawazo." Si uongo, lakini sentensi hiyo wanaiandika mamia ya watu. Mtathmini hawezi kuipa alama.

Jaribu kujibu maswali matatu madogo. Kazini kwako kuna tatizo gani hasa? Ni kikao au mada ipi kwenye ratiba inagusa tatizo hilo? Ukirudi, nani atasikia ulichojifunza, wapi na lini? Mfano: "Kliniki yetu hupoteza vijana wengi wanapohama kutoka huduma ya watoto kwenda ya watu wazima. Nataka kuhudhuria vikao vya huduma kwa vijana, kisha nitawasilisha niliyojifunza kwenye kikao cha wauguzi wa wilaya ndani ya mwezi mmoja." Hakuna maneno makubwa humo, lakini mtathmini anaona kwamba fedha yake itawafikia watu wengi kupitia mtu mmoja.

Barua ya mapendekezo iombe wiki tatu kabla. Mpe anayeandika ikisiri yako na maelezo yako ya nia, ili barua yake na fomu yako zizungumze lugha moja.

Pesa: soma maandishi madogo

"Ufadhili" ni neno pana. Kuna kamili: ada ya usajili, tiketi, malazi, wakati mwingine na posho. Kuna wa sehemu: ada tu, au ada na malazi. Fomu nyingine hukuruhusu kuchagua unachohitaji. Kama chuo kinaweza kukulipia tiketi, sema hivyo, kwani fedha zinazobaki zinaweza kumleta mtu mwingine. Halafu uliza mapema: tiketi inanunuliwa na waandaaji, au unanunua wewe kisha unarudishiwa? Kwa mwanafunzi tofauti ni kubwa mno. Ada ya viza na nauli ya kwenda ubalozini mara nyingi ni juu yako.

Viza: hapa ndipo ndoto nyingi huishia

Mwaka 2022 mkutano wa Ukimwi ulifanyika Montreal, Kanada. Wajumbe wengi, hasa kutoka Afrika, walinyimwa viza au hawakupata jibu kwa wakati, wakiwemo waliokwisha pata ufadhili. Wenzao waliofika walipaza sauti kwenye ufunguzi wenyewe. Kwa hiyo elewa: barua ya ufadhili si viza. Anayeamua mambo hayo mawili si mtu mmoja.

Tuchukue nchi za Schengen, ambako Ujerumani imo. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Anayeomba kwa mara ya kwanza hutoa alama za vidole ana kwa ana, hivyo aliyeko Kigoma au Songea aweke na safari ya Dar es Salaam kwenye hesabu.

Afisa wa viza anataka kuamini mambo mawili: kwamba safari ni ya kweli na kwamba utarudi. Ambatisha barua ya mwaliko, barua ya ufadhili inayotaja gharama zinazolipwa, barua ya chuo au mwajiri inayotaja tarehe ya kurudi kazini, na taarifa ya benki. Tarehe kwenye nyaraka zote zifanane. Na pasi ya kusafiria? Iombe leo, hata kama huna mkutano wowote kichwani. Mara nyingi mwisho wa kuomba ufadhili ni karibu miezi sita kabla ya mkutano na majibu hutoka baadaye sana, kwa hiyo muda wa kuhangaikia pasi haubaki.

Jihadhari na mikutano feki

Ukipata barua pepe inayokuita "profesa mashuhuri" wakati bado unaandika tasnifu, shtuka. Dalili nyingine: mkutano mmoja unaochanganya magonjwa ya moyo, kilimo na uhandisi; ikisiri inayokubaliwa ndani ya saa chache; hakuna chama cha kitaaluma kinachojulikana nyuma yake. Na kubwa kuliko zote: "umeshinda ufadhili, lipa ada ya kuushughulikia." Mfadhili wa kweli hakudai hela ili akupe hela. Ukiwa na shaka, muulize msimamizi wako kama amewahi kuusikia.

Ukikosa je?

Kukosa ni kawaida, hata kwa wazuri, maana waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Usiitupe ikisiri yako. Kama kuna maoni ya watathmini, yafanyie kazi, kisha ipeleke kwenye mkutano wa kitaifa au wa kanda. Mikutano mingi siku hizi ina sehemu ya mtandaoni yenye ada nafuu. Mwalimu na wanafunzi mnaweza kukaa chumba kimoja mkafuatilia kikao na kukijadili.

Wiki hii fanya mambo matatu tu: anza maombi ya pasi, chagua mkutano mmoja unaohusu kazi yako, na andika sentensi moja ya matokeo uliyonayo. Sentensi hiyo ikishasimama, sehemu ngumu ya ikisiri umeipita. Kila la heri!