Siumwi, Nipimwe ya Nini?

Akina mama wajawazito huniuliza kliniki: "Sista, siumwi popote, nipimwe kaswende ya nini?"

Kidonda cha kaswende hakiumi. Kwa mwanamke huweza kujificha ndani ya uke, kisha hupona chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6. Kumbe vijidudu vingali mwilini, hata kwa miaka. Vikimfikia mtoto tumboni, mimba yaweza kuharibika au mtoto akazaliwa mfu.

Wasiwasi hautibu, kipimo cha damu ndicho hutoa jibu. Ugonjwa ukionekana, sindano za penisilini huuponya, nazo humkinga mtoto zikichomwa mapema. Baba naye apimwe. Asipotibiwa, mama aweza kuambukizwa tena. Njooni wawili, bila kulaumiana.