Plot Ya Tongaren Inazamisha Kiatu? Hii Hesabu Ya Simiti Itakuokolea Doh

Umeshika kaploti Tongaren, pande za Naitiri, bei ikiwa poa. Mvua inapiga, unaenda kuangalia, kiatu inazama yote. Huo ni udongo wa mfinyanzi, tena laini. Fundi anakushow, "Mwaga tu simiti, itashika." Ngoja kwanza! Mifuko ngapi? Hapo ndipo doh ya mjengo hupotelea.

Wengi huhesabu simiti na kusahau maji. Huko Chicago mwaka wa 1918, Duff Abrams alionyesha kuwa nguvu ya zege inategemea maji ukigawanya kwa simiti. Miaka mingi baadaye, watafiti kama Norihiko Miura na Suksun Horpibulsuk walijaribu hiyo kitu kwa udongo laini wa Ariake, Japani, na wa Bangkok. Ikajipa: kwa udongo ule ule, ukigawanya maji kwa simiti na upate jibu lile lile, nguvu nayo inakaribiana.

Cheki hii. Una udongo ambao ukikaushwa ni kilo 100, lakini umebeba maji kilo 100. Weka simiti kilo 20, jibu ni 5. Mvua ikinyesha maji yafike kilo 120, simiti ile ile inakupa 6, na hapo nguvu imeshuka. Kurudi 5, lazima uongeze simiti hadi kilo 24.

Si lazima pia ungoje mwezi mzima. Simiti hushikana na maji kwanza, kisha chokaa inayotoka hapo inaungana na udongo pole pole. Kwa udongo waliopima hao wasee, nguvu ya siku ya 7 ilikuwa karibu asilimia 60 ya ile ya siku ya 28. Ukiponda sampuli wiki ya kwanza, ushajua unaelekea wapi.

Lakini usicopy namba za jirani. Udongo wake si wako, na mboji ikiwa mob simiti inakataa kushika.

So kabla ununue hata mfuko mmoja, chota udongo wa plot yako, ufunge vizuri usikauke, upeleke maabara ya udongo. Kupima ni pesa kidogo. Ukuta ukipasuka ndio utajua bei.