Bonde la Kerio: Ghuba iliyokosa bahari

Msafiri atokaye Eldoret kuelekea Kabarnet hupita Iten, na punde baada ya mji huo ardhi hukatika ghafla. Zaidi ya mita 1,000 chini yake limetandaa Bonde la Kerio.

Wataalamu wa jiolojia hueleza kwamba ukuta huo ulitokana na gamba la dunia kuvutwa pande mbili. Lilipokonda lilipasuka, sehemu ya kati ikazama na ukingo wa magharibi ukabaki wima. Uwanda wa Uasin Gishu wenyewe ni lava iliyomwagika na kuganda yapata miaka milioni 12 iliyopita.

Nguvu za aina hiyo ndizo zilizounda Ghuba ya Korintho nchini Ugiriki, yenye urefu wa kilomita zipatazo 130. Huko sakafu ilizama chini ya usawa wa bahari, nayo Mediterania ikaingia. Sakafu ya Kerio, kwa upande wake, ingali takriban mita 1,000 juu ya usawa huo. Kwa hiyo badala ya bahari kuna mto, unaotiririka kaskazini hadi Ziwa Turkana.

Aidha, kasi ni tofauti. Ghuba ya Korintho hupanuka kwa hadi milimita 15 kila mwaka, ilhali Bonde la Ufa nchini Kenya hupanuka kwa milimita chache tu. Ndiyo sababu Wagiriki huhofia zaidi mitetemeko. Ule wa Juni 15, 1995 uliua watu 26 mjini Aigio, pwani ya ghuba hiyo.

Kwa wakazi wa Elgeyo Marakwet, tishio kuu ni ukuta wenyewe. Mvua ikizidi, udongo ulioshikilia mteremko hulowa, huwa mzito na kuporomoka. Ndivyo ilivyokuwa Chesegon mnamo Aprili 2020, na tena Chesongoch usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, ambapo makumi ya watu waliangamia.

Hata hivyo, si rahisi kuwaambia wakazi wahame. Udongo ulioporomoka zama za kale ndio shamba la leo, na maji yashukayo kutoka juu ndiyo ambayo Wamarakwet wameyaelekeza kwa mifereji yao tangu enzi za mababu.

Hakuna awezaye kuzuia gamba la dunia kupasuka. Lakini kukata au kutokata miti mtelemkoni, na kujenga au kutojenga kwenye mkondo wa maporomoko ya awali, ni maamuzi ya binadamu.