Kompyuta Haioni Jua

Miongoni mwa kazi ambazo wazee wetu hawakuzijua, na ambazo leo vijana wetu wengi wanazitamani, ni kazi ya kutunga programu za kompyuta. Kwetu Dodoma kazi hii imekuwa ya karibu sana. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na ndani yake mna ndaki nzima ya elimu hiyo. Kisha tangu mwaka 2016, Serikali iliposhika kuhamia hapa kwa nguvu, ofisi zimezidi, na haja ya watu wa kuzitungia programu imezidi pamoja nazo. Hata hivyo wako wazazi wanaouliza: "Maalim, huyu mwanangu hushinda kutwa ameinamia kioo, hashiki jembe wala mizani. Hiyo ni kazi gani?"

Swali hili ni la haki, na jawabu lake nitalitoa kwa visa vya kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu, ambaye sasa riziki yake i katika kazi hiyo. Kijana huyu alinuia kutunga programu ndogo ya simu, ya kuwaonyesha jirani zake nyakati za sala na za kufuturu. Alidhani ni kazi ya siku tatu. Ikamchukua miezi, kwa sababu kila alipokosea alifunuliwa jambo, na kila jambo lilimpeleka kwenye jingine.

Kwanza tufahamu programu ni nini. Ni maagizo yaliyopangwa hatua kwa hatua, ambayo mashine huyafuata bila ya kuzidisha wala kupunguza. Mpango wa hatua namna hii huitwa algorithimu, na asili ya neno hilo ni jina la Mwislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Basi tofauti ya mashine na mtu ni hii: ukimtuma mtoto dukani akalete chumvi, naye akalikuta duka limefungwa, atakwenda duka la pili. Kompyuta itasimama pale mlangoni mpaka uje uiondoe mwenyewe.

Kwa hivyo makosa ni mengi, na wenye kazi hiyo huyaita "wadudu". Neno hilo walikuwa nalo mafundi wa mitambo tangu zamani, lakini tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mafundi wa kompyuta iliyoitwa Mark II walimkuta mdudu wa kweli, nondo aliyenaswa ndani ya mashine. Wakambandika katika daftari yao ya kazi, na daftari hiyo imehifadhiwa hata leo. Wadudu wa kijana wetu hawakuwa na mbawa, lakini waliruka kweli kweli.

Mdudu wa kwanza alikuwa wa mahali. Kijana alipata jedwali la nyakati za Dar es Salaam akalitia katika programu yake, akiamini kwamba nchi nzima saa ni moja. Ni kweli saa ni moja, ila jua si moja. Dar es Salaam iko katika longitudo ya digrii 39 na robo, na Dodoma iko katika digrii 35 na robo tatu, mbali zaidi upande wa magharibi. Kila digrii moja jua huipita kwa dakika 4. Kwa hivyo jua linapokuchwa Dar es Salaam, hapa Dodoma limebaki na dakika kama 14. Mtu wa Dodoma atakayefuturu kwa jedwali lile atakuwa amekula mchana, na hali ameshinda na njaa na kiu tangu alfajiri. Lau ingekuwa ni Kigoma, tofauti ingezidi nusu saa.

Akaliacha jedwali, akaamua kumpa kompyuta hesabu ya jua lenyewe. Hapo wakaingia wadudu wawili kwa pamoja, na wote wawili walikuwa wajanja wa kujificha.

Mmoja ulikuwa katika latitudo. Dodoma iko kusini ya ikweta kwa digrii 6 na kitu, na katika hesabu za kompyuta namba ya kusini hutanguliziwa alama ya kutoa. Kijana aliisahau alama hiyo, kistari kidogo tu, na kwa kistari hicho Dodoma ikahama, ikaangukia kusini magharibi mwa Ethiopia. Wa pili ulikuwa katika Alasiri. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu katika Afrika Mashariki, Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, baada ya kuongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa katikati. Yeye alikumbuka kulingana, akasahau nyongeza.

Sasa tazameni ajabu. Aliijaribu Alasiri mapema mwezi wa Machi, wakati jua la Dodoma linapopita juu ya utosi na kivuli cha saa ya katikati hutoweka. Hapakuwa na cha kuongeza, na hesabu ikatoka karibu sawa. Akaijaribu Magharibi karibu na tarehe 20 mwezi huo huo, siku ambazo usiku na mchana hukaribia kulingana kaskazini na kusini. Hapo nako ikatoka sawa. Akashukuru, akawagawia jirani zake.

Ulipofika mwezi wa Juni, mzee mmoja asiyejua kompyuta wala simu ya kioo alimwambia: "Mwanangu, chombo chako kinaadhini Alasiri na kivuli bado kifupi." Kijana akasimamisha fimbo uwanjani, akapima. Mzee alikuwa amesema kweli: katika Juni kivuli cha katikati hapa kwetu huzidi nusu ya urefu wa fimbo, na kwa kuacha kukiongeza, programu ilikuwa ikiitangaza Alasiri kabla ya wakati wake. Alipoendelea kuchunguza akaiona na Magharibi, imechelewa kwa dakika kama 21. Nayo ingefika Desemba ingegeuka, ikatangulia kwa dakika hizo hizo. Ramadhani huzunguka misimu yote; ikiangukia Desemba, mtaa mzima ungefuturu kabla ya jua kuchwa, kwa sababu ya kistari kimoja.

Wadudu waliobaki walikuwa wadogo, lakini walikuwa na mafunzo yao. Programu ilimtaka mtu aandike mtaa anaokaa. Wa Ng'ong'ona walipoandika, ikakatika. Sababu ni ile alama iliyo juu baina ya herufi, ambayo katika lugha nyingi za kompyuta ndiyo hufungua na kufunga maneno. Mashine ilidhani jina limekwisha penye "Ng". Kisha ikaja habari ya kisomo cha usiku wa Ijumaa. Kompyuta huanza siku usiku wa manane, nasi siku yetu huanza jua likichwa. Ikawakumbusha watu Ijumaa jioni, na hali wenzao walikwisha kusoma Alkhamisi jioni wakarudi makwao.

Baki likawa jambo moja ambalo si mdudu. Alfajiri huhesabiwa kwa digrii ambazo jua liko chini ya upeo wa macho, na jumuiya za Kiislamu hazikuafikiana juu ya namba: Rabita ya Makka hutumia 18, mamlaka ya Misri 19 na nusu, na jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini 15. Baina ya 15 na 19 na nusu mna dakika zisizopungua 18, na katika dakika hizo mtu mmoja anakula daku, na mwenziwe amekwisha kusali. Kijana hakuchagua kwa rai yake. Aliwaendea masheikh akawauliza, akaandika walilomwambia. Hapo alitenda adabu kubwa, kwani kujua kuiamrisha mashine si kujua kufutu.

Basi, enyi wazazi, hiyo ndiyo kazi yenyewe: ni hisabati, na jiografia, na lugha, na uaminifu. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa na cheo cha kupima nyakati katika Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, na hapana aliyeona kwamba anapoteza wakati. Mwenyezi Mungu ametuarifu katika Sura ya Ar-Rahman, aya ya 5, kwamba mwendo wa jua na mwezi ni wa hisabati; anayejifunza hisabati hiyo hajatoka katika njia ya wema.

Nanyi vijana mnaotunga programu, jueni kwamba mnabeba amana za watu msiowaona. Msiridhike na jaribio la siku moja, kwani kosa laweza kunyamaza Machi likasema Juni. Na kila mwenye simu nyumbani aifungue leo, atazame mambo matatu: mji uliotajwa ni wake, madhehebu ya Alasiri ni yake, na digrii za Alfajiri ni zile za masheikh wake. Kisha, jioni moja isiyo na mawingu, atoke nje na watoto wake wautazame upeo wa magharibi, na saa i mkononi. Kompyuta haioni jua. Sisi twaliona.