Kipande cha chuma juu ya kisu

Urefu wake ni inchi sita, unatosha kufunika kisu cha upasuaji na hauzidi hapo. Ni bamba la chuma lililokunjwa mgongoni likawa hema dogo, na juu yake yamechapwa maneno ambayo rubani huyasubiri kutoka mnara wa uwanja wa ndege: ruhusa ya kuruka. Kilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vya upasuaji vya hospitali ya watoto mjini Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Habari zake nimezisoma katika kitabu cha Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston, kiitwacho The Checklist Manifesto, kilichotoka mwaka 2009. Gawande anakitaja kwa ufupi kisha anasonga mbele na simulizi lake. Mimi nilishindwa kusonga.

Tazama kinavyofanya kazi. Muuguzi anapanga vifaa mezani kabla ya upasuaji: mikasi, koleo, nyuzi, pamba. Anakiweka kisu mahali pake, anakifunika kwa lile hema. Daktari bingwa anaingia amenawa hadi viwikoni, anavishwa joho na glavu. Mtoto amelala, dawa ya usingizi imemkolea. Kisu kipo mbele ya bingwa, lakini hawezi kukigusa. Kwanza muuguzi aulize, na wote waliomo chumbani wasikie: mtoto huyu ndiye? Upande wa mwili ni huu? Antibiotiki imeshatolewa, na saa ngapi? Akiridhika, anaondoa hema kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo kazi inaanza.

Aliyekibuni alikuwa mkurugenzi wa huduma za upasuaji hospitalini hapo, na pia alikuwa rubani wa ndege. Mwaka 2005 walikuwa wamegundua kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto waliopasuliwa kidole tumbo hawakupata antibiotiki sahihi kwa wakati sahihi. Wengine walichomwa mapema mno, wengine wakachelewa, wengine hawakupata kabisa. Dawa hiyo inatakiwa iwe imeingia mwilini ndani ya saa moja kabla ya ngozi kuchanwa. Nje ya hapo kinga yake inapungua. Miezi mitatu baada ya utaratibu mpya kuanza, asilimia 89 ya watoto wa kidole tumbo walipata dawa inavyotakiwa. Baada ya miezi kumi, wote.

Dawa ilikuwepo kabatini siku zote. Ujuzi nao ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mwenye haki ya kusema "bado", na hema lile lilimpa haki hiyo muuguzi bila kumlazimu kugombana na mtu yeyote. Gawande anaandika kwamba hata orodha ndogo ya maswali namna ile iligawa mamlaka upya. Naamini ndiyo sentensi nzito kuliko zote kitabuni mwake, ingawa ameipitisha kwa sauti ya chini.

Anayezijua hospitali zetu ataelewa kwa nini sentensi hiyo imenikaa moyoni. Fikiria muuguzi wa miaka 24, zamu ya usiku. Anayeshika kisu ni profesa aliyemfundisha, mtu ambaye hata kwenye korido humpisha njia. Muuguzi ameona kwamba faili linasema upande wa kushoto na kitambaa kimefunguliwa kulia. Anaanza kuitunga sentensi moyoni: "Samahani, Profesa, naomba kuuliza..." Anaitunga upya ili isisikike kama ukaidi. Sekunde zinapita. Heshima si utumwa, tunasema, lakini katika chumba kile heshima imeziba midomo mingi, na hakuna anayeandika kwenye cheti cha kifo kwamba mtu mmoja aliona akanyamaza.

Kwa mtoto, sekunde hizo ni ghali kupita kiasi. Mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu maradufu ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake, na akiba iliyomo mapafuni ni ndogo. Njia ya hewa ikiziba, rangi inabadilika na mapigo ya moyo yanashuka kabla daktari wa usingizi hajamaliza kuomba kifaa kingine. Dozi zinapigwa hesabu kwa kilo, hivyo nukta ikiandikwa mahali pasipo pake mtoto anapata mara kumi ya alichostahili. Halafu damu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani inaitaka timu ijiulize kabla ya kuanza kama mgonjwa anaweza kupoteza zaidi ya mililita 500. Kwa watoto kipimo kinabadilika: mililita 7 kwa kila kilo. Piga hesabu kwa mtoto mchanga wa kilo tatu. Unapata mililita 21, vijiko vinne vya chai na tone juu yake. Pamba mbili tatu zilizolowa na kutupwa ndooni bila mtu kuzitaja zinatosha kuvuka mpaka huo. Anayezitupa pamba hizo ni muuguzi. Anayepaswa kujua ni mtu wa usingizi, aliye upande wa pili wa pazia. Wasiposemezana, hakuna mashine itakayowaunganisha.

Orodha hiyo ya Shirika la Afya, yenye vipengele 19, ilizinduliwa mwaka 2008, na Gawande ndiye aliyeongoza kuiandaa. Ilijaribiwa katika miji minane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Ndiyo, Ifakara ya Kilombero, Tanzania, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Gawande anaieleza kwa heshima ninayoipenda: barabara ya vumbi ambayo mvua zikija mafuriko huikata, na dawa pamoja na gesi za usingizi zikakosa kufika kwa wiki kadhaa, wapasuaji watano, wahudumu wa usingizi wanne, hakuna hata mmoja wa wanne hao mwenye shahada ya udaktari. Damu ilitolewa na ndugu wa wagonjwa, na isipotosha wafanyakazi walikunja mikono ya mashati yao wenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Ukijumlisha hospitali zote nane, matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Takwimu hizi zimenukuliwa dunia nzima. Jambo linalotajwa mara chache ni kwamba waliohesabiwa walikuwa na miaka 16 na kuendelea. Watoto hawakuwemo.

Kati ya vipengele 19, kimoja kinawataka wote waliomo chumbani wajitambulishe kwa jina na kazi yao kabla ya ngozi kuchanwa. Wapo waliokiona cha kupoteza muda. Gawande anakitetea kwa nguvu, akitumia uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Johns Hopkins: muuguzi aliyepewa nafasi ya kutaja jina lake na wasiwasi wake mwanzoni, ndiye aliyekuwa mwepesi zaidi wa kusema baadaye akiona jambo linakwenda kombo. Aliyekwisha kufungua kinywa mara moja hufungua tena. Katika vyumba ambamo muuguzi anaitwa "Sista" tangu asubuhi hadi jioni na hakuna anayejua jina alilopewa na mama yake, nadhani kipengele hiki kina uzito zaidi kuliko kule Boston.

Gawande mwenyewe alianza kuitumia orodha ili asionekane anahubiri asichokitenda. Hakutarajia imsaidie. Anakiri kwamba tangu hapo haijapita wiki moja ya upasuaji bila orodha kunasa kitu ambacho wangekikosa. Kisha anasimulia siku aliyokuwa akitoa uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, akauchana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Moyo wa mgonjwa ulisimama. Yule mtu alipona, na Gawande anasema wazi kilichomponya: kabla ya kuanza walikuwa wamezungumza juu ya hatari ya damu kumwagika, muuguzi akafuatilia na kukuta damu iliyoagizwa haijatengwa, akahakikisha inaletwa. Ni mmoja wa wapasuaji mashuhuri duniani, na anaandika bila kuficha kwamba aliyeuchana mshipa ni yeye, na kwamba hatua ile moja ya orodha ndiyo iliyomwokoa mgonjwa.

London nako, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, madaktari Martin Elliott na Allan Goldman waliona hatari ikiwa mlangoni, pale mtoto aliyepasuliwa moyo anapotolewa thieta na kukabidhiwa wodi ya uangalizi maalumu. Mirija, waya na taarifa vyote vinahama kwa pamoja, na kila mtu anaongea. Wakaenda kujifunza kwa mafundi wa Ferrari wanaobadili matairi katika mashindano ya magari. Huko waliona mtu mmoja akiamuru na wengine wakijua zamu zao. Waliporudi walimkabidhi daktari wa usingizi uongozi wa makabidhiano, na wengine wakatakiwa kunyamaza anapotoa taarifa. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha makosa ya kiufundi kwa kila mtoto yameshuka kutoka wastani wa 5.42 hadi 3.15.

Baada ya yote hayo, nilikutana na Ontario. Jimbo hilo la Kanada liliamuru hospitali zake zote zitumie orodha. Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu za watoto peke yao, zaidi ya upasuaji 28,000, nusu kabla ya amri na nusu baada yake. Waliopata matatizo kabla walikuwa asilimia 4 na kidogo. Baada yake, asilimia 4 na kidogo. Hakuna kilichobadilika. Je, huduma ilikuwa nzuri tayari kiasi kwamba hapakuwa na cha kupunguza? Au visanduku vilijazwa alama, karatasi ikapelekwa ofisini, na muuguzi akaendelea kunyamaza? Mimi naelemea jibu la pili, lakini takwimu zenyewe hazisemi.

Swali hilo linatuhusu kwa haraka zaidi. Utafiti mkubwa wa upasuaji wa watoto katika nchi 31 za Afrika, uliotangazwa mwaka 2024, ulikuta asilimia 18 ya watoto wakipata matatizo baada ya upasuaji. Juhudi zipo. Mafunzo ya SAFE, yanayowafundisha wahudumu kutoa usingizi salama, yalianzia Uganda mwaka 2011 kwa usingizi wa akina mama wazazi, baadaye yakaja ya usingizi wa watoto. Rwanda mwaka 2018 yalijaribiwa mafunzo ya VAST, yanayotumia maigizo: mgonjwa wa bandia, mashine inayoigizwa kwenye tableti, oksijeni inashuka, na timu inapaswa kutenda. Mwisho wa kila igizo wanakaa na kuulizana nani aliongea, nani alisikia, nani aliona akasita. Nayaona ni mafunzo ya kweli, kwa sababu mtu anazoea kusema "simama" mahali ambapo hakuna mtoto atakayekufa akikosea namna ya kusema.

Mafunzo haya huchukua siku tatu. Siku ya nne mshiriki anarudi kazini kwake, kwa bosi yuleyule. Kama bosi hakuwa kwenye igizo, neno "simama" litamfikia kama mafunzo au kama utovu wa adabu? Wanaoandaa semina hizi wangeandika jina la mpasuaji mkuu wa hospitali juu kabisa ya orodha ya walioalikwa, na wasianze mpaka afike. Mkubwa huyo asipokuwepo, anayekosa sauti ni mtoto. Kipengele cha kwanza kabisa katika orodha ya Shirika la Afya kinamtaka mgonjwa mwenyewe athibitishe yeye ni nani na anapasuliwa wapi. Mtoto wa miezi mitatu hawezi. Mama yake, anayejua kila kitu, ameachwa nje ya mlango wa thieta. Ndani, nani amepewa jukumu la kujibu kwa niaba yake, na akijibu kinyume na alivyokwisha kuamua mkubwa, nani atamsikiliza?